Sarafu Iliyokatwa Shingo

Asubuhi ya siku ya tatu, maji yalikuwa ya moto.

Si moto wa kuchemka. Vuguvugu tu, kama maji ya kumwogeshea mtoto mchanga. Sonara alikuwa ameilaza sarafu yake ndani ya bakuli, akaifunika kisahani, akaiweka kwenye rafu ya chini ambako jua halifiki. Alipotia kidole akakitoa upesi. Akatazama mlangoni, akatazama dirishani, kisha akafanya kama wafanyavyo wanaume wengi wakiona jambo wasilolielewa: akajifanya hajaliona.

Mtaani walimwita Brashi, kwa sababu mfuko wa shati lake haukukosa mswaki mkuukuu wa kusugulia hereni za watu. Alikuwa fundi hasa. Ungemletea pete iliyokanyagwa na lori, angekurudishia bikira. Hakuna kitu kilichotoka mkononi mwake kikiwa na mkwaruzo, na hiyo ndiyo iliyokuwa sifa yake, na ndiyo iliyokuwa maradhi yake. Mkewe alizoea kuwaambia wenzake, "Huyu bwana akiliona kovu la goti langu, mkono unamwasha anatafuta msasa."

Sarafu yenyewe aliipata bure, au karibu na bure. Alikwenda kwa muuza vyuma chakavu kununua kilo moja ya shaba. Mizani ikapungua kidogo. Muuzaji akaingiza mkono kwenye kopo la misumari iliyopinda, akatoa kidude cha mviringo, kinene kama biskuti, kimevaa kutu ya kijani mpaka hakina sura, akakitupia kwenye sahani ya mizani. Mizani ikatulia. Biashara ikaisha.

Angekiyeyusha pamoja na shaba nyingine, leo pasingekuwa na hadithi. Lakini njiani akapitia kwa sonara mwenzake wa ng'ambo ya barabara, yule waliyemwita Kioo kwa ajili ya kabati lake la vioo lililojaa taa. Akamwonyesha.

Kioo akakigeuza mara moja tu. "Jirani, hii si sarafu yenye kutu. Hii ni kutu yenye sarafu."

Wanawake wawili waliokuwa wakijaribu bangili wakacheka. Brashi naye akacheka, kwa meno tu. Akavuka barabara akiapa moyoni kwamba atakisafisha kile kidude mpaka sura itokee, akiweke dirishani kwake, Kioo awe anakiona kila akifungua duka.

Nyumba yao ilikuwa vyumba vilivyofuatana kama mabehewa. Mbele karakana, katikati sebule yenye cherehani ya mkewe, nyuma chumba cha kulala na jiko. Walikuwa na mtoto mmoja, msichana wa miaka kumi na tisa aliyefundisha chekechea. Huyo walimwita Chiriku, maana aliimba akioga, aliimba akimenya vitunguu, na watoto wake wa chekechea walimfuata njiani kama vifaranga. Kinywa alirithi kwa mama. Mama Chiriku alikuwa na ulimi wa kuamsha mtaa, na mtaa ulimpenda kwa huo ulimi, kwani bila yeye nani angejua nani kahama na kwa nini.

Wa nne hakuwa wa nyumba ile, ila hakuondoka. Ni kaka yake Mama Chiriku, aliyepewa jina la Nimepita Tu. Kila sufuria ilipoepuliwa, yeye alitokea mlangoni. "Aa, mimi nimepita tu," husema, huku anavuta kiti.

Basi Brashi akaanza kazi. Kutu ya kijani haipigwi, inabembelezwa. Wiki mbili sarafu ikalala ndani ya mafuta, kisha ndani ya yale maji yasiyotaka kupoa, kisha fundi akakaa dirishani na kioo cha kukuzia jichoni na mwiba mkononi, akibandua chembe moja moja. Siku nzima alipata nafasi isiyozidi punje ya mchele. Alijua tayari kwamba kuna uso. Uso wa mtu aliyetazama upande, hana kofia wala taji, hana maandishi yoyote pembeni.

Jumatano mchana chembe ya kijani ikaruka, na jicho likatokea. Jicho zuri, limechongwa mpaka kope. Lilikuwa wazi.

Sebuleni Nimepita Tu akapiga ukelele.

Alikuwa amekaa mezani, kijiko cha maharage kimefika nusu ya safari. Mama Chiriku alikuwa mbele yake, na aliyoyaona aliyasimulia mara nyingi wakati ule alipokuwa bado anaweza kusimulia. Hapakuwa na mtu. Jicho la kaka yake lilirudi ndani polepole, kama dole gumba linavyosukuma kiini cha yai bichi, likapasuka, na maji yake yakateremka shavuni yakaingia kwenye sahani. Kijiko kilikuwa bado kimeinuliwa.

Hospitali walimtoa mabaki wakafunga pamba. Daktari akasema ni uvimbe wa ndani uliopasuka, akaandika dawa.

"Dada, hakuna uvimbe," Nimepita Tu alisema akiwa kitandani. "Mtu kanitia dole."

"Mtu gani?"

"Ningemwona ningekutajia. Nilikuwa natazama chakula." Akaipapasa pamba. "Kuanzia leo naona nusu sahani, kwa hiyo unipakulie mara mbili."

Dada yake akacheka huku analia. Brashi hakucheka. Alikuwa anakumbuka saa ile jicho la sarafu lilipotokea. Ila jambo hilo alilimeza, akaliweka pale pale alipoweka yale maji ya moto.

Wiki iliyofuata akafikia sikio. Saa nne asubuhi, mtambo wa kung'arishia umezimwa, waya wake umechomolewa uko sakafuni. Alipobandua chembe ya mwisho kwenye ncha ya sikio la ile sura, vidole viwili vikavu vilishika sikio lake mwenyewe la kushoto, kama mwalimu anavyomshika mtoto mtundu, vikaanza kusokota. Havikuwa na haraka. Alisikia gegedu likilia kama paja la kuku linavyovunjwa, akajaribu kuinuka na kichwa kikarudishwa chini mpaka shavu likagusa meza, vikasokota tena mzunguko mmoja, na sikio likaanguka katikati ya unga wa shaba, na bado likawa linatetemeka.

Mkewe alimkuta amelibana tundu kwa kitambaa, damu imefika kwenye mkanda wa suruali.

"Mtambo umenivuta," akasema.

Mama Chiriku akautazama mtambo. Akautazama waya sakafuni. "Mtambo umeng'oa sikio na haukugusa ukosi wa shati?"

"Nakwambia umenivuta."

"Kaka yangu jicho, wewe sikio. Na hicho kidude chako kila siku kinaota uso." Sauti yake, iliyozoea kuvuka barabara, ilikuwa chini kabisa. "Baba Chiriku, kitupe. Nakuomba mimi, mkeo."

"Nitakitupa."

"Lini?"

"Kesho."

Sikio la kufa halisikii dawa, na lake lilikwisha kufa, lilikuwa ndani ya kopo. Maana kesho yake alipoishika sarafu ili akaitupe, aliitazama mara ya mwisho kwenye mwanga, na akaona kitu ambacho kutu ilikuwa imekificha: shingo ya ile sura ilikatwa. Mikato mitatu, mirefu, sambamba, ya tindo. Haikuwa ajali. Mtu alisimama akapiga kwa nguvu zake zote, na ndani ya mikato kutu haikuwa ya kijani, ilikuwa nyeusi.

Muuza samaki angeitupa hivyo hivyo. Kinyozi angeitupa. Hata Kioo, kwa uvivu wake, angeitupa. Lakini Brashi alikuwa mtu ambaye mkwaruzo mmoja ulimnyima usingizi, akaona mikato mitatu kwenye kazi nzuri kiasi kile, akasema kwa sauti, "Mshenzi gani huyu," akawasha moto.

Akaiziba kwa lehemu ya fedha. Mmoja, wa pili, wa tatu, halafu akapitisha tupa mpaka kidole hakikuhisi kitu. Mkato wa tatu ulipojaa, karakana ilivuta pumzi. Ndivyo alivyoeleza baadaye. Unga wa shaba uliokuwa mezani ulitambaa wote kuelekea kwenye sarafu, pazia la mlango likaingia ndani, na harufu ikapanda, harufu ya maziwa yaliyochacha ndani ya chombo cha chuma, kama koo lililofungwa miaka mingi limefunguliwa na kitu cha kwanza kutoka ni hewa iliyobaki mle.

Kilichobaki ni midomo tu. Akajiambia, midomo tu, kisha naitupa.

Ilikuwa Ijumaa, Chiriku amerudi kazini, ameketi sakafuni anakata karatasi za rangi za watoto wake, mama yake yuko kwenye cherehani anashona kitambaa cheusi na anasimulia habari za mpangaji fulani aliyemwachia mwenye nyumba paka saba, na Brashi aliwasikia wote wawili wakicheka wakati mwiba wake ulipoinua chembe ya mwisho juu ya mdomo wa chini, chembe ikaruka, na cherehani ikanyamaza katikati ya mshono. Chiriku alidhani mama amesahau neno. Aliinua kichwa akamwona amefunua kinywa, amekifunua zaidi ya kiasi, taya inazidi kushuka kama droo inayovutwa na mtu mwenye hasira, mpaka pembe za midomo zikachanika na damu ikaanza kutiririka pande zote mbili za kidevu, na macho ya mama yakamtazama yeye, mwanawe, yakimwomba kitu ambacho msichana hakujua ni kipi, huku ulimi unatoka, unatoka, unanyoshwa kama kitambaa kinachovutwa kutoka kwenye mtumba uliobanwa, mrefu kuliko ulimi unavyopaswa kuwa, mpaka ukakatika kwenye shina kwa mlio ambao Chiriku aliendelea kuusikia kila alipokata karatasi, ukaanguka juu ya kitambaa cheusi, chini ya sindano, na mguu wa mama uliokuwa bado unatetemeka kwenye kanyagio ukaendesha cherehani mishono mitano juu yake.

Na kabla Chiriku hajapata pumzi ya kulia, sauti ya mama yake ikatoka karakana. Ile ile, ya kuvuka barabara, yenye kicheko ndani.

"Ahsante, fundi."

Mama Chiriku hakufa. Walimshona, akakaa siku tisa hospitali, akarudi na kichwa kimefungwa bandeji kama mtu anayeumwa jino. Ule ulimi waliuzika nyuma ya jiko ndani ya kopo la maziwa, kwa sababu hakuna aliyejua kitu kingine cha kuufanyia.

Katika siku hizo tisa Brashi aliitupa sarafu mara nne. Aliitupa jalalani, akaitupa mtoni, akaitupa ndani ya zege bichi la jengo la watu, akamrudishia muuza vyuma chakavu. Kila alipofungua karakana aliikuta ndani ya bakuli, ndani ya maji ya vuguvugu, inameremeta. Na inaongea.

"Fundi, umerudi? Umechelewa leo."

"Usitumie sauti hiyo."

"Nina nyingine? Hii ndiyo uliyonipa." Ikacheka kicheko cha mkewe. "Hebu nitazame shingo. Lehemu nzuri, lakini umeiacha bila kuing'arisha. Kioo akiona viraka hivi atasema nini? Atasema Brashi kazeeka."

"Sikugusi tena."

"Usiguse. Inajing'arisha."

Akasogea, akaona ni kweli. Ile fedha iliyokuwa na weusi wa moto ilikuwa inatakata yenyewe kutoka pembeni, upana wa unywele kila siku. Jioni ile Chiriku alikunywa maji na maji yakamrudia puani. Alipojifuta, baba yake akauona mstari shingoni mwake, mweupe, wa kung'aa, umezunguka kama mkufu mwembamba ulioingia chini ya ngozi.

"Unaumwa?" akamuuliza.

"Hapana, baba. Kama kuna mtu kanishika tu." Sauti yake ilikuwa nyembamba, kama upepo wa tundu la ufunguo. "Leo watoto wameniambia niimbe. Nimeshindwa."

Mama Chiriku, ambaye sasa mazungumzo yake yote yalikuwa kipande cha chaki ya kushonea, aliburuta kitambaa cheusi mezani akaandika kwa herufi kubwa: ANAYEFUATA NI HUYU. Akakifuta. Akaandika: MWITE BIBI MWOSHA.

Bibi Mwosha aliosha maiti za wanawake mtaani. Hakuwa mganga, na ukimwita mganga anakutukana. Ila watu hufa kwa mengi, na yeye ameona miili iliyokufa kwa mambo ambayo daktari hakuyaandika. Alikuja saa tatu asubuhi na ndoo yake mkononi, akadai chai kwanza, akainywa yote, ndipo akaingia karakana. Sarafu haikusema neno. Ilikuwa mara ya kwanza kunyamaza.

Mwosha akaitazama bila kuigusa. "Nani kamwosha huyu?"

"Mimi."

"Uliuliza kwanza kama ni maiti au ni mfungwa?"

"Bibi, ni sarafu."

"Na mimi ni bibi harusi." Akachuchumaa, magoti yakalia. "Ile kutu ilikuwa blanketi lake. Na hii mikato uliyoiziba ilikuwa kufuli. Tazama uso, tazama mikato. Mkono ni mmoja. Aliyemchonga ndiye aliyemkata. Unadhani fundi anaharibu kazi yake nzuri hivi kwa kucheza? Labda naye alikuwa na mtoto."

Brashi alikaa chini. Miaka yote ile ya kusugua, hakuwahi kufikiri kwamba mkwaruzo unaweza kuwa na sababu.

"Tufanye nini?"

"Urudishe ulichokiziba. Wewe, kwa mkono ulioziba. Mapigo matatu ya tindo, pale pale, yafuatane kama mtu anayebisha hodi kwa haraka. Usisimame katikati. Usipumue katikati. Ukipumua, amepita."

"Amepita wapi?"

"Patakapokuwa wazi."

"Na mtoto?"

"Ataumia. Ile fedha iko shingoni kwake pia, unataka itoke bila damu? Lakini mapigo matatu yakifuatana, ataishi."

Hawakungoja. Mama Chiriku akaketi sakafuni sebuleni, akamkumbatia mwanawe kwa nyuma, mataulo yamepangwa kando. Mwosha akakalia miguu ya msichana. Pazia la mlango likafungwa pembeni ili Brashi awaone, ingawa Mwosha alimwonya asitazame. Jua lilikuwa limeingia mpaka katikati ya chumba. Nje Kioo alikuwa anapanguza kabati lake.

Brashi akaibana sarafu kwenye jiliwa. Akaweka tindo kwenye fedha.

"Fundi," sarafu ikasema kwa upole, "kazi yote hii?"

Akapiga.

Fedha ikapasuka, na sebuleni ngozi ya shingo ya Chiriku ikafunguka kutoka sikio hadi sikio, si kwa kina, kama ganda la tunda linavyochorwa kwa kisu, na msichana akarusha kichwa nyuma kikampiga mama yake kifuani. Akapiga la pili, na safari hii tindo likazama, sarafu yenyewe ikatoa damu, damu ya moto ikaruka juu ya mikono yake na kioo cha dirisha, na upande wa pili damu ya mwanawe ikaruka ukutani ikafika kwenye kalenda, Mwosha akatupwa pembeni kama mzigo wa nguo, miguu ya msichana ikipiga sakafu, ikipiga, ikipiga, na Brashi alikuwa amekwisha kuinua nyundo kwa mara ya tatu iko juu ya kichwa chake aliposikia mkewe analia.

"Baba Chiriku, acha. Umekata mshipa. Mwanangu anakufa mikononi mwangu, Baba Chiriku, acha, nakuomba mimi, mkeo."

Miaka ishirini na miwili alikuwa akiitii sauti ile kwenye mambo madogo na kuikaidi kwenye makubwa. Nyundo ikasimama hewani. Akageuka. Akamwona mkewe amemkumbatia binti, bandeji imelowa, midomo imefumbwa, anatikisa kichwa kwa nguvu, anamwonyesha kwa kidole: piga, piga.

Ndipo akakumbuka ulimi uko wapi. Uko nyuma ya jiko, ndani ya kopo la maziwa.

Alikuwa amekwisha pumua.

Nyundo ikashuka. Sarafu ikavunjika vipande viwili, na vile vipande, kabla ya kuachana, vikafumba kama taya juu ya mkono ulioshika tindo, vikaondoka na vidole viwili. Shingoni mwa Chiriku ile fedha ikatoka kama uzi, ikaanguka sakafuni ikawa jivu, na damu ikapungua, ikawa damu ya jeraha la kawaida, ya kushonwa na kupona.

Mwosha aliokota vipande viwili vya sarafu kwa kitambaa. Vilikuwa baridi, na sura haikuwepo tena. Paji, pua, shingo, vyote vimelainika kama kipande cha sabuni kilichokwisha.

Akamtazama Brashi. "Ulipumua?"

Brashi alikuwa ameufunga mkono wake kwapani. Akamtazama mwanawe anapumua, akamtazama mkewe anayembusu kichwa. "Hapana," akasema.

Bibi Mwosha akanawa mikono kwenye ndoo yake, akaenda zake bila kuaga.

Siku ya kumi na mbili walitoa nyuzi. Kovu lilikuwa safi. Daktari alimkataza Chiriku kusema kwa wiki moja zaidi, na mtaa mzima ulihesabu siku. Wiki ilipotimia, Nimepita Tu alikuja mapema, amevaa miwani nyeusi, sufuria hata haijawekwa motoni. Saa nane mchana Brashi alikuwa amesimama kwenye mlango wa karakana, hajui aingie au abaki, Mama Chiriku ameketi kwenye cherehani bila kushona. Chiriku akafunua kinywa.

"Baba Chiriku, mbona umesimama mlangoni kama mwizi wa kuku? Ingia ule."

Ilikuwa sauti ya mama yake. Si ya kufanana. Ile ile, yenye kicheko ndani. Msichana mwenyewe akakiziba kinywa chake kwa mikono yote miwili, na macho yake juu ya ile mikono yalikuwa yamemtoka, machozi yanashuka, lakini sauti ikaendelea kupita katikati ya vidole, kwa furaha, ikimwuliza Nimepita Tu kama leo naye amepita tu.

Mama Chiriku aliinuka polepole. Akaenda akapiga magoti mbele ya binti yake, akaweka sikio karibu na midomo ile, akaisikiliza sauti yake mwenyewe. Hakukimbia. Akaushika uso wa mwanawe, na midomo yake iliyoshonwa ikawa inafuata maneno.

Bibi Mwosha aliitwa tena. Hakuvuka kizingiti. "Kutoka atatoka," akasema, "kwa pale pale alipoingia." Akapitisha kidole shingoni mwake, kutoka sikio hadi sikio.

Hakuna aliyejibu katika nyumba ile, isipokuwa mmoja. "Bibi, chai ipo," ikasema sauti kutoka sebuleni.

Brashi alimpelekea Kioo tindo zake zote, mwiba, tupa, hata nyembe za kunyolea. Kioo alizifungia kabatini. Sasa mikate nyumbani mwao humegwa kwa mkono, kwa kuwa kisu hakuna. Wapita njia husikia kicheko cha Mama Chiriku kila mchana, wanasema, jamani, afadhali amepona.

Na kila asubuhi, kabla ile sauti haijaamka, Chiriku hukinyosha kitambaa cheusi mezani, anachukua chaki, anaandika neno moja na kulisogeza mbele ya baba yake: KATA. Baba hulifuta kwa kiganja chenye vidole vitatu. Yeye huliandika tena. Baba hulifuta. Huandikiana na kufutiana hivyo, baba na mwana, hawatazamani usoni, mpaka kutoka kooni mwa msichana sauti ya mama yake inapiga miayo na kuwauliza wamelalaje.